Sumu Yenye Rangi ya Mbegu

Kwetu Uhehe mbegu ni nyeusi. Ninaanza na neno hilo kwa sababu kama mtu mmoja tu bomani Mbeya angeuliza, nisingekuwa na haja ya kuandika yanayofuata. Mahindi yaliyochaguliwa kuwa mbegu hurudishwa maganda nyuma, hufungwa vichane, hutundikwa darini juu ya meko. Moshi huyapaka masizi mpaka yang'ae kama kiatu cha askari. Fukusi hawayagusi. Panya ndio wasiojali. Hupanda, hutafuna, na punje hudondoka juu ya fito za dari. Punje hizo hazitupwi. Akina mama huziokota kwa mkono, huziweka kwenye chungu, na ukija msimu wa njaa, kabla ya mvua, huziosha masizi na kuzichemsha na maharage. Mimi nimekuzwa kwa punje hizo. Hata leo nikiona punje nyeusi mate hunijaa mdomoni kabla akili haijasema kitu.

Serikali ilipotaka kutuonya kwamba punje fulani ni sumu, ilizipaka rangi gani? Nyeusi.

Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana sijui mara ngapi. Nikifika hapo mkono hukakamaa, herufi zinainama, na mimi herufi ikiinama siwezi kuendelea. Nakiri kwamba ni ugonjwa. Kazi yangu ni kuandika vibao: milango ya malori, mbao za maduka, majina ya mahoteli ya chai. Shule nilisoma madarasa ya mwanzo tu ya misheni. Yaliyobaki nimejifundisha kwa kunakili maandishi ya makopo na magunia, nikiwa na wasiwasi kila siku kwamba atatokea mtu aliyesoma kweli aniambie nimekosea. Nikimaliza kibao hurudi kukitazama asubuhi, mchana na jioni. Mwenye duka hudhani nimekuja kudai, kumbe nimekuja kuitazama R.

Zamani kidogo sumu ya panya ilikuwa unga mweupe. Huko Mbeya iliuzwa madukani kama kitu chochote, ikapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, rafu moja na chumvi na magadi. Mtoto wa mpangaji mwenzangu, kitoto kilichokuwa kikinishika suruali nikipita, aliokota kipande cha gazeti barazani akakilamba. Tulimzika. Baba yake alikwenda bomani kueleza, akaambiwa awaangalie watoto wake. Hakuna aliyeandika hata mstari.

Kisha mpishi mmoja wa uzunguni akachanganya unga ule kwenye keki akidhani ni hamira. Wageni walitapika bustanini, wote wakapona, na Jumapili iliyofuata walikuwa kanisani. Lakini kabla hata hawajapona sawasawa amri ilikuwa imeshatoka, tena kwa jimbo zima, Mbeya mpaka Iringa. Nilishangaa mkono wa serikali unavyoweza kwenda mbio ukitaka. Unga mtupu wa sumu usiuzwe tena ila kwa cheti cha Bwana Afya, na cheti walipewa walowezi. Sisi tuliruhusiwa mahindi yaliyokwisha kupakwa sumu, punje nzima nzima, na ili pasiwe na makosa tena, punje hizo zitiwe rangi nyeusi.

Nilijua habari hizo kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa kuandika kibao cha onyo. Karani wa boma, kijana aliyevaa tai hata siku za joto, alinipa maneno kwenye karatasi: SUMU YA PANYA NI NYEUSI. USILE.

Nilisoma nikabaki nimeishika.

"Nini? Huwezi kusoma?"

"Naweza, bwana karani. Ila kwetu Iringa hili neno litaleta msiba."

"Kwenu Iringa kuna nini?"

"Mbegu zetu ni nyeusi. Za darini. Na wakati wa njaa tunazila."

Aligeuka kumtazama tarishi aliyekuwa akichemsha chai. "Umesikia? Wahehe wanakula masizi."

"Tunaosha kwanza," nikasema.

"Basi na hii mtaosha!"

Walicheka wote wawili. Tarishi alicheka mpaka maji ya chai yakamwagika. Nikaomba kumwona Bwana Afya mwenyewe. Karani akasema yuko safari, na kwamba hata angekuwepo ni bure, rangi imeshachaguliwa. Ilichaguliwa nyeusi, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto, kwa sababu hakuna binadamu anayekula punje nyeusi. Akaongeza kwamba kule Iringa majumbe wanaigawa bure, maana panya wa mwaka huu ni wengi.

Kibao nilikataa kukiandika. Akaitwa mwingine, akakiandika vibaya, herufi zimelala kama walevi. Sitaficha kwamba hata katika hasira ile jambo hilo liliniuma.

Lakini lililonikosesha usingizi ni neno lile, wanaigawa bure. Shangazi yangu anakaa Kalenga. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Ni mjane, anaishi peke yake, na darini kwake panya huwa wengi kuliko darini kwa mtu yeyote. Tulikuwa katika mwezi ule ambao ghala ni tupu na mawingu yanakuja kutazama tu na kuondoka. Ndio mwezi wa kuokota punje za darini. Nikapanda basi la Iringa.

Njia nzima nilikuwa nikitunga sentensi za kumwambia, nazirekebisha, nazitunga upya. Nilipofika mjini Iringa nikaingia kwanza duka moja karibu na soko, la mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani na misafara. Nikamwomba anionyeshe sumu mpya. Akaitoa chini ya meza, si rafuni, akaiweka juu ya kipande cha mfuko. Lilikuwa kopo lenye picha ya fuvu na maneno ya Kiingereza. Akalifungua.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kinachofanana na punje zetu. Hazikufanana, zilikuwa zile zile. Mimi ambaye kazi yangu ni rangi, ninayeweza kukuambia nyeusi hii imechanganywa na buluu na ile na kahawia, sikuona tofauti.

"Naona umekasirika, mwanangu," mzee akasema.

"Mzee wangu, unawauzia Wahehe hii?"

"Anayekuja kwangu namwambia kwa mdomo wangu, hii si chakula, wala usiiweke jikoni. Namwapisha. Sasa niambie, watu wa vijijini wangapi wanapita kwangu? Wao wanaletewa na jumbe." Akafunika kopo, akaenda kunawa mikono kwenye birika, akanawa tena. "Niliwaambia wakubwa, tieni nyekundu. Wakaniambia mimi ni muuzaji, niuze."

Kalenga nilifika kwa miguu, jua likiwa bado juu. Shangazi alikuwa uani akipepeta maharage, machache mno kwa ungo mkubwa kama ule.

"Kamwene, mwanangu. Umefukuzwa kazi?"

"Kamwene, shangazi. Sijafukuzwa."

"Basi umeoa."

"Wala."

"Kama hujafukuzwa na hujaoa, nani amekufa?"

Sentensi zangu zote za kwenye basi zilipotea. Nikapita moja kwa moja jikoni. Darini vichane vya mbegu vilikuwa mahali pake, na kando ya ukuta, juu ya fito, lilikuwepo kopo la fuvu, limelala ubavu, tupu. Chini karibu na meko kulikuwa na chungu kilichojaa punje nyeusi karibu na mdomo.

"Shangazi, sumu uliiweka wapi?"

"Panya wanapopita. Jumbe alisema iwekwe panya wanapopita. Panya wangu wanapita darini."

"Na hizi za chunguni umeziokota wapi?"

Alinitazama. Nilimwona akielewa, lakini hakutaka kuelewa. Akasema yeye si mtoto. Akasema sumu aliimwaga upande wa ukutani na punje ameziokota upande wa mlangoni. Nikamuuliza kama panya nao walijua mpaka huo. Akasema nisimletee maneno ya mjini. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Keshokutwa nina mgowe."

Mgowe ndio ushirika wetu wa jembe. Unaalika majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima shamba lako lote siku moja, na wewe unawalisha. Mjane hana njia nyingine. Asiyeweza kulisha haaliki, na asiyealika, mvua zikija zinakuta shamba lake ni pori. Shangazi hakuwa na unga wala viazi. Alikuwa na maharage yale ya kwenye ungo na chungu kile. Hicho ndicho alichokuwa amepanga kuwapa Wakalenga wote watakaokuja kumlimia.

Nilimwaga punje juu ya mkeka nikaanza kuchambua. Niliapa kwamba jicho langu litaona. Nilizipanga mistari kama herufi, nikazigeuza kwenye mwanga wa mlango, nikazinusa, lakini moshi wa dari umeshakula kila harufu. Kila nilipofikiri nimepata alama, punje iliyofuata ilinikanusha. Mwisho nikaacha.

"Nenda bomani Iringa," akasema. "Wewe unajua kusema nao. Waambie wanipe mahindi ya kulisha watu wangu, niwarudishie haya yao."

Kesho yake asubuhi nilikuwa bomani. Nilisubiri barazani mpaka mchana. Mzungu aliyenipokea alikuwa kijana, labda tunalingana umri, mwenye Kiswahili cha kuamrishia wapagazi. Nikamweleza habari ya mbegu, ya dari, ya panya kuburura punje, ya mgowe wa kesho. Nilisema haraka mno na nikagugumia. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Mtu nakufa?" akauliza.

"Bado, bwana. Ndiyo maana nimekuja."

"Hapana. Mimi nauliza, nani nakufa? Jina yake nani?"

"Hakuna aliyekufa, bwana."

"Basi hapana shauri." Akaelekeza kalamu ukutani, palipobandikwa karatasi ya amri. "Rangi iko. Picha ya kichwa iko. Maandishi iko. Mtu nasoma, hapana kula."

"Shangazi yangu hajui kusoma, bwana, na maandishi ni ya Kiingereza."

"Picha iko."

"Na mahindi ya kuwalisha watu?"

Hapo alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Angenitukana ningejua la kufanya. Alicheka kama mtu aliyeombwa mwezi. Akasema mtu akifa nilete habari, ataandika Mbeya, na Mbeya itafikiri. Nitasema na hili. Wakati ule wote ananiambia hivyo, mimi kichwani nilikuwa nikimsahihishia Kiswahili chake, neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo na haikuweza hata kumkwaruza. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi nikiwa na hamu ya kuvunja kitu. Hapakuwa na kitu cha kuvunja isipokuwa vyungu vya maua, na vile vilikuwa vinamwagiliwa na mfungwa. Nikaondoka.

Nilipomweleza shangazi hakulia wala hakulaani. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukafukia punje zote za chunguni na zote zilizokuwa juu ya fito. Alizimimina mwenyewe. Mikono yake ilikuwa mizito, na alipomaliza aliendelea kukung'uta chungu kikiwa tupu. Mbegu za vichane aliziacha, maana hizo bado zimo kwenye magunzi yake, na sumu haioti kwenye gunzi.

Asubuhi ya mgowe watu walikuja na majembe begani, na umande ungali majanini. Walikuja wengi, kwa sababu shangazi amelima kwa kila mtu. Akasimama mbele yao. Ninajua ilimgharimu nini. Kwetu mwanamke anaweza kusimulia kwamba mume alimpiga, lakini hasemi kwamba wageni wamekuja na jiko lake halina moshi.

"Ndugu zangu, nimewaita na sina cha kuwapa."

Kisha binamu yake mmoja, mzee asiyeweza kupita msiba bila mzaha, akatema mate pembeni. "Yaani umetuita tuje tule upepo? Ungesema, tungeubeba kutoka kwetu."

"Kwako hakuna hata upepo," shangazi akamjibu, na watu wakacheka, na mimi nikaona mgongo wake ukinyooka. Kisha akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mimi, kwa Kihehe, bila kugugumia: kopo, dari, panya, chungu, shimo.

"Mimi lile kopo nililipenda kwa ile picha," binamu akasema. "Nikasema, serikali hii na mafuvu! Majuzi imeturudishia fuvu la chifu wetu walilochukua Wajerumani, kwa heshima na mizinga, sasa imetuletea la panya."

Wengine walicheka, wengine waliacha njiani. Niliona nyuso zikibadilika mmoja baada ya mwingine, kila mtu akirudi kwa mawazo darini kwake. Mwanamke mmoja kijana, mke wa jirani wa bondeni, alikuwa amesimama nyuma, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Aliachia jembe. Halikutupwa, lilimtoka tu mkononi.

"Nimeacha chungu motoni," akasema. "Nimemwambia mama amlishe mkubwa."

Alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajamaliza kusema. Tukamfuata wote, wazee kwa vijana, kupitia mashamba makavu, mtoto akirukaruka mgongoni mwake akilia. Sijawahi kukimbia hivyo. Nakumbuka nilikuwa nikisema moyoni, yasiwe yameiva, yasiwe yameiva, kama sala.

Kwetu bibi ndiye anayeonja kwanza. Mtoto hapewi makande mpaka bibi ameyatafuna na kuona kama yamelainika, na yakiwa magumu anakula yeye na kumwambia mtoto asubiri. Tulimkuta mama mkwe wa yule mwanamke ameketi mlangoni, bakuli mapajani, anatafuna polepole. Mtoto alikuwa amekaa mbele yake ameachama, anasubiri kama kifaranga.

"Mbona mnakuja kama nyumba inaungua?" mama mkwe akauliza. "Bado magumu. Nimemnyima."

Mkwewe alimpokonya bakuli akalitupa mbali. Kuku wakakimbilia, watu wakawafukuza kwa mateke. Tulimpa bibi maziwa, tukamtia kidole kooni, akatapika, akatutukana kwa nguvu zake zote, na kwa muda tulidhani matusi yale ni afya. Kisha akasema tumbo linamwaka. Tulimfunga kwenye machela ya kitanda tukaelekea naye mjini, tukipokezana mabega. Alikata roho njiani, jua likiwa la saa tisa, mkono wake ukiwa umeshika kanga ya mkwewe.

Ndiyo sasa akawepo aliyekufa. Jina lake likapatikana.

Mzungu yule kijana alikuja kesho yake kwa Landirova, na askari wawili na jumbe. Hakunikumbuka. Aliniuliza mimi ni nani kana kwamba hatujawahi kukaa chumba kimoja. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuja kusema. Akatikisa kichwa kwa adabu na kuendelea. Aliingia nyumba moja moja, akainamisha kichwa milangoni, akatazama madari. Na unajua aliona nini? Aliona punje nyeusi kila mahali. Akatoka nje akifuta masizi usoni na kitambaa cheupe, na akatoa amri: kila kitu cheusi kilichoko darini kishushwe kichomwe. Vichane vyote. Mbegu zote za kijiji.

Nilimwambia vichane si sumu. Shangazi alimwambia. Binamu yake alichukua hindi moja, akalimenya punje mbele yake kwa kidole gumba, akaonyesha weupe wa ndani. Mzungu akasema hawezi kujua panya amegusa lipi, na kwa jambo la usalama wa watu hataki kubahatisha. Usalama wa watu! Alisema hivyo akiwa amesimama hatua chache kutoka kaburi bichi. Rangi waliichagua wao, sumu waliileta wao, wakatufundisha mahali pa kuiweka, na sasa kwa kutupenda sana wanachoma mwaka wetu ujao.

Askari aliyepanda darini kwa shangazi alikuwa Mhehe, mtu wa upande wa mtoni. Alivishusha vichane taratibu, akivipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Mwanangu," shangazi akamwambia kutoka chini, "mama yako anapanda nini?"

"Amri, mama."

"Sikuuliza amri. Nimeuliza mama yako anapanda nini."

Askari alitoka na mzigo, akaurundika pamoja na ya wengine uwanjani, na mafuta ya taa yakamwagwa. Mahindi yaliyokauka kwa moshi huwaka vizuri sana. Yalipasuka kama bunduki za sikukuu, na watoto wadogo wasiojua kitu walikimbia huku na huku wakiokota bisi, mama zao wakiwapiga vibao mikononi na kuwapiga tena. Mimi nilisimama pale nikalia kwa hasira mbele za watu, kamasi na machozi, na sikujali ninavyoonekana. Kwa mtu wa namna yangu hilo si jambo dogo.

Rangi ile ilikuja kubadilishwa. Ilibadilishwa mwaka mwingine, ng'ombe wa mlowezi mmoja walipopata njia ya kuingia ghalani kwake wakalamba sumu, wakafa. Mlowezi aliandika, Mbeya ikafikiri, na ilifikiri upesi. Sasa ni nyekundu. Nikiwauliza wa bomani kwa nini imebadilishwa, wananiambia ni kwa faida yetu.

Baada ya moto ule sikurudi Mbeya. Watu walilima shamba la shangazi siku mbili baadaye bila kula, kisha wakalima la mkwe wa marehemu, kisha la yule binamu, aliyelima huku akidai upepo wa shangazi hauna chumvi. Ndugu wa Ifunda walitutumia mbegu, kikapu kimoja cha kugawana nyumba nyingi, na shangazi akapata kiasi cha kujaza kofia yangu. Alizipanda mwenyewe, punje moja shimo moja, badala ya mbili au tatu kama desturi.

Zilipokuwa bado hazijachomoza, jumbe akaja. Alisimama uani, mtu mwenye aibu lakini mwenye kazi, na begani alikuwa na mfuko. Akasema panya wameongezeka, na serikali imetoa sumu tena. Akatoa kopo jipya. Lilikuwa na fuvu lile lile. Shangazi akalifungua, akachungulia. Nyeusi.

"Hawajabadili?" akauliza.

"Bado, mama. Wanasema inafikiriwa."

Shangazi alishika kopo kwa mikono miwili, akapita mbele ya jumbe, akapita kibanda cha kuku, akaenda mpaka chooni nyuma ya migomba. Tulisikia punje zikimwagika chini, muda mrefu, maana shimo lile lilikuwa refu. Kisha kopo lenyewe likafuata.

Jumbe alikuwa amefika mlangoni pa choo, mikono kichwani. "Mama! Ile ni mali ya serikali!"

"Imo humo," shangazi akasema, akijifuta mikono kwa majani ya mgomba. "Waambie waje waichukue."

Panya walikula mashamba yetu mwaka ule kadiri walivyotaka. Tuliwatega kwa mitego ya kamba na mawe, tukawawinda kwa mbwa, wakatushinda. Hakuna nyumba iliyopokea kopo lingine.